Mark X au IST nyuma ya lori refu: kisa cha ndugu wawili wa Lubumbashi

Ndugu wawili wa Kampemba, hapa Lubumbashi, wanaishi kwa biashara ya unga wa mahindi na bidhaa ndogondogo wanazofuata Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mkubwa anaendesha Toyota Mark X ya lita 2.5, mdogo ana Toyota IST ya lita 1.5. Magari yote mawili yalitoka Japani, usukani uko kulia, gia ni otomatiki, na injini hazina tabo (turbo, pampu ya kuisukumia injini hewa).

Mwezi wa Oktoba, joto likiwa limepamba moto, mdogo alikuwa anarudi mjini akiwa na abiria wanne na mifuko miwili ya unga ya kilo 25. Mbele yake lilikuwepo lori refu lililobeba salfa, likitembea kilomita 60 kwa saa. Akatoka kulipita. Alipofika usawa wa kichwa cha lori, akaliona lingine linakuja na shehena yake ya shaba. Hakuwa na mwendo wa kumaliza wala nafasi ya kurudi. Dereva wa salfa alikanyaga breki, yule wa shaba akateremsha matairi kwenye vumbi la pembeni, na IST ikapenya katikati. Kioo cha upande wa kushoto kilibaki barabarani. Watu wote walifika nyumbani salama.

Jioni familia ilikaa. Mdogo alikuwa amekwisha kuamua: atauza IST, atakopa, atanunua Mark X kama ya yaya wake, yaani kaka yake mkubwa. Alisema, "Yaya, ile yangu haina nguvu. Yako ingekuwa imepita zamani." Mkubwa alimkatalia kwa hoja ambayo nimeisikia katika kila garaji la mji huu: IST ni nyepesi, ndiyo inayoruka, mjini humo kila wakitoka pamoja kwenye mzunguko mdogo anatangulia. Gari zito halitaokoa kitu. Kwa kuwa mimi ni mtu wa injini na nimewajua tangu zamani, waliniomba nihesabu ili wajue nani ana haki. Nimeyaandika hapa kwa sababu barabara ile inatumiwa na wengi, na wengi wanabishana juu ya jambo hilihili huku wakiwa wamebeba watoto wa watu.

Kilo ngapi kwa kila farasi

Tuanze na karatasi za kiwandani. Mark X ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2004 hadi 2009, ina injini ya silinda sita (V6) yenye farasi 215, yaani nguvu za farasi, na nguvu ya kuzungusha ya Nm (nyutoni-mita) 260. Uzito wake mtupu ni kama kilo 1,510. IST ya 1.5 ina farasi 109 na Nm 141, na uzito wake ni kilo elfu moja na ushei; nimechukua 1,030.

Gawanya uzito kwa farasi. Likiwa tupu, kila farasi wa Mark X anavuta kilo 7. Farasi wa IST anavuta kilo 9.4. Kwa hiyo hata kabla ya kupakia chochote, lile kubwa ndilo lenye wepesi wa kweli, maana wepesi wa kuchanganya, yaani kuongeza mwendo, haupimwi kwenye mizani peke yake.

Sasa weka watu watano, dereva akiwemo, na mifuko miwili ya unga. Hizo ni kama kilo 400. Mark X inapanda hadi kilo 8.9 kwa kila farasi. IST inaruka hadi 13.1. Mzigo ni uleule, lakini farasi wa IST ameongezewa karibu mara mbili ya kile alichoongezewa mwenzake. Na tazama namba hizo vizuri: Mark X iliyojaa watu watano bado ni nyepesi kwa kila farasi kuliko IST tupu isiyo hata na dereva.

Hapo ndipo hoja ya mkubwa inapoanguka, na ilimshangaza mwenyewe. Amekuwa akiiona IST ikitangulia mjini kwa miaka, na macho yake hayakumdanganya. Anachokiona ni jambo jingine. Mjini hakuna anayekanyaga mafuta hadi chini. Mwenye gari dogo hubonyeza sana kwa sababu bila hivyo gari haliondoki. Mwenye V6 hugusa tu, kwa sababu ya starehe na kwa sababu ya esansi (petroli). IST hupiga kelele, gia ya kwanza yake ni fupi, pua yake inaingia kwenye nafasi ambayo Mark X yenye upana wa karibu mita 1.8 haiingii. Mashindano ya mita 30 za kwanza kati ya mtu anayekanyaga na mtu anayegusa hayasemi lolote kuhusu injini. Waambie wote wawili wakanyage hadi chini pamoja kwenye lami kavu, Mark X itaondoka na hutaiona tena.

Kuna nukta moja ya haki kwa IST, tena ya kiufundi. Mark X husukumwa na matairi ya nyuma, IST huvutwa na ya mbele. Gari likianza kuondoka kwa nguvu uzito hurudi nyuma, na ukijaza watu na unga nyuma, matairi ya mbele ya IST yanakuwa mepesi. Lakini gari likiwa tupu, na barabara ina tope jekundu la masika lililotapakaa kwenye lami, IST hushika vizuri, wakati Mark X yenye mguu mzito wa dereva huanza kuyumbisha mkia.

Hewa ya juu na esansi ya kawaida

Namba za kiwandani hupimwa kwenye hewa nzito, kama ya pwani. Lubumbashi iko kwenye kimo cha takribani mita 1,200, na kwenye kimo hicho hewa imepungua uzito kwa asilimia 11 hivi. Injini isiyo na tabo huvuta hewa inayoikuta. Ikipata hewa pungufu, huchoma mafuta pungufu, na farasi hupungua karibu kwa kiwango hichohicho. Gari lilelile lililoteremshwa bandarini Dar es Salaam likiwa na nguvu zake zote, likifika kwetu limekwisha kupoteza farasi mmoja katika kila tisa. Jamaa wa Goma na Bukavu, walio kwenye mita 1,500 hivi, hupoteza zaidi. Joto la Oktoba nalo huongeza hasara.

Upungufu huu ni sawa kwa magari yote mawili kwa asilimia. Ila mwenye farasi 109 akipoteza 12, anabaki kwenye mpaka wa kutosha na kutotosha. Ongeza na kipoza hewa: kompresa yake hunyonya farasi kadhaa bila kujali ukubwa wa injini. Kwa V6 dereva hatambui. Kwa IST iliyojaa, hao farasi wanatolewa kwenye akiba ndogo iliyobaki kwa ajili ya kuongeza mwendo. Nilipomuuliza mdogo kama kipoza hewa kilikuwa kinafanya kazi siku ile, alinitazama tu. Watu watano, Oktoba, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi la malori. Bila shaka kilikuwa kinafanya kazi.

Kwa upande wa Mark X kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Injini yake hugandamiza hewa mara 12, na Japani iliandikiwa esansi ya daraja la juu. Kizazi kilichofuata, cha 2009, kilibadilishwa kitumie esansi ya kawaida, na farasi za injini ya 2.5 zikashuka kutoka 215 hadi 203. Sisi humu tunaweka ile inayopatikana, wakati mwingine ile ya madumu kando ya barabara. Kihisi cha injini kikisikia mgongano ndani ya silinda, yaani esansi inayojiwasha ovyo, kompyuta huchelewesha cheche, na nguvu hupungua. Hewa nyepesi ya kimo chetu husaidia kidogo, maana mgongano hupungua pia, lakini mwenye Mark X ya kizazi cha kwanza asijihesabie farasi 215. Hata akiondoa asilimia sita au kumi, bado yuko mbali mbele ya IST; nasema tu hesabu iwe ya kweli.

Kutoka 60 hadi 100

Watu hupenda kuulizana gari linafika 100 kwa sekunde ngapi kutoka kusimama. Kwa barabara ya Kasumbalesa swali hilo halina kazi. Hakuna anayempita mtu akitokea kusimama. Kinachotakiwa ni muda wa kutoka 60, mwendo wa lori, hadi 100.

Nimehesabu kwa njia rahisi: kazi inayotakiwa ili kuupandisha uzito wote kutoka mwendo mmoja hadi mwingine, ikigawanywa kwa nguvu inayobaki baada ya hewa ya kimo, msuguano wa gia na upepo kuchukua sehemu yao. Kwa Mark X inabaki kama nusu ya farasi walioandikwa, kwa sababu gia zake sita huiweka injini karibu na mahali inapovuta vizuri. Kwa IST inabaki chini ya nusu, maana ina gia nne tu na pengo kati ya moja na nyingine ni pana.

Dereva akiwa peke yake, Mark X hutumia sekunde 5 hivi, IST karibu 8. Watu watano na unga wakiwemo, Mark X karibu 6, IST 10. Haya ni makadirio, na gari lililochakaa litatumia sekunde zaidi ya hizo, lakini uwiano kati yao hautabadilika sana.

Sasa peleka hesabu hiyo barabarani. Lori lina mita 20, unaanza kutoka mita 15 nyuma yake, unarudi upande wako ukiwa mita 15 mbele yake. Unatoka 60, unaishia 100. Mark X iliyojaa inamaliza kwa sekunde 8. IST iliyojaa, 10. Ikiwa anayekuja mbele yuko kwenye 80, Mark X inahitaji barabara tupu ya mita 360, IST mita 445. Hapo mnapishana bumpa kwa bumpa, bila akiba yoyote.

Mdogo alipoziona sekunde hizo mbili alisema, "Unaona?" Ndiyo, naona. Zaidi ya mita 80 ni kitu kikubwa, na siku ile zingemtosha. Lakini nilimwomba mkubwa aniambie yeye hupita vipi, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya yote. Alisema malori yakiongozana mawili, yeye huyapita yote mawili kwa mkupuo mmoja, kwa sababu gari linaruhusu.

Lori la pili, pamoja na nafasi iliyo kati ya malori hayo, huongeza mita 40 za kupita. Ukiwa umekwisha kufika 100, hizo ni sekunde tatu na nusu zaidi, na barabara inayotakiwa huongezeka kwa mita 180. Jumla ni mita 540. Mark X inayopita malori mawili inahitaji barabara ndefu kuliko IST inayopita lori moja, kwa karibu mita mia nzima. Katika familia hii, anayejiona salama ndiye anayechukua hatari kubwa zaidi, safari baada ya safari, na hakuna kioo kilichowahi kuvunjika ili kumwonya. Nguvu ya gari inaliwa yote na tamaa ya dereva, na zaidi ya hapo.

Nilimwambia hivyo mbele ya mke wake. Hakufurahi.

Kiti kiko upande gani

Kongo tunaendesha kulia. Gari la usukani wa kulia humweka dereva upande wa majani. Ukiwa nyuma ya lori, jicho lako liko zaidi ya mita moja kutoka ubavu wa kushoto wa gari lako, kwa hiyo ili uone kinachokuja lazima utoe karibu gari zima nje ya mstari. Unaona ukiwa tayari umeingia hatarini.

Ndiyo maana kwenye barabara hii abiria wa mbele amegeuka kuwa jicho la dereva. Anachungulia, anasema "Pita, pita, iko wazi!" na dereva anatoka. Siku ya kisa hiki ilikuwa hivyohivyo. Aliyekaa mbele ni mama mmoja mfanyabiashara, na hakusema uongo: alipotazama, barabara ilikuwa wazi kweli kwa kadiri alivyoona. Ila yeye hajui kama gari hili, likiwa limejaa, linahitaji mita 445. Anajua kama kuna gari au hakuna. Kati ya maswali hayo mawili ndipo watu wanapofia.

Magari yote mawili yana ugonjwa huu, na kununua Mark X ya usukani wa kulia hakuuponyi. Dawa yake ni kurudi nyuma. Dereva aliyeganda mita 10 nyuma ya lori haoni chochote ila milango ya kontena. Akijivuta hadi mita 40 au 50, barabara ya mbele inafunguka, anaona kwa kusogea kidogo tu, na akiona pako wazi anaanza kuongeza mwendo akiwa bado upande wake. Anapotoka tayari yuko kwenye 75 au 80, na muda wa kukaa upande wa wenzake unapungua. Kwa IST hili ni muhimu kuliko kwa Mark X, kwa sababu IST ndiyo inayohitaji kuazima nafasi ya kuchanganya. Wakiona pamefungwa, wote wawili wana muda wa kuachia na kusubiri.

Wanaokaa nyuma yako watapiga honi, na mwingine atakuja kujaza nafasi uliyoiacha. Mwache ajaze. Rudi nyuma tena.

Mguu wa mdogo

Nilibaki na swali moja. Sekunde 10 nilizomhesabia ni za mtu anayekanyaga hadi chini. Je, alikanyaga? Tukatoka naye asubuhi moja ya Jumapili, barabara ikiwa tulivu, nikamwomba afanye kama alivyofanya siku ile.

Alibonyeza pole, kama nilivyohofia. Gari lilikuwa gia ya nne, injini ikizunguka chini, na kwa kuwa mguu ulikuwa unashuka taratibu, gia haikuona sababu ya kuteremka. Sindano ya mwendo ilipanda kwa uvivu. Farasi 109 hupatikana injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Huko chini alikokuwa anaibana hupati hata nusu yake. Kisha, alipoogopa, akakanyaga kwa nguvu, gia ikaanguka hadi ya pili, injini ikalia, na gari likaondoka. Siku ya tukio kuogopa huko kulikuja akiwa ubavuni mwa lori. Sekunde alizozipoteza kabla ya hapo zilikuwa nyingi kuliko zile mbili ambazo Mark X ingempa.

Anafanya hivyo kwa sababu fundi mmoja alimwambia kukanyaga hadi chini kunaharibu gia otomatiki. Mafuta machafu ya gia na joto kali ndivyo vinavyoiharibu. Mkanyago kamili wa sekunde chache, injini ikiwa imepata moto, umo katika kazi ambayo gia hiyo ilitengenezewa. Nilimwonyesha pia kitufe cha O/D (overdrive) kwenye mkono wa gia: ukikizima kabla ya kutoka, gia ya nne inafungwa, injini inapanda mapema, na unajua nguvu ipo kabla hujaondoka upande wako. Alikuwa na gari hilo muda mrefu na hajawahi kukigusa. Tulirudia palepale, watu wachache zaidi ndani, kipoza hewa kimezimwa, O/D imezimwa, mguu chini. Aliniangalia bila kusema kitu, akaomba turudie tena.

Nilichowashauri

Kama mdogo angekuwa na fedha mkononi, na angeahidi kupita lori moja tu kila mara, ningesema anunue Mark X. Kwa gari lililojaa, tofauti ni ya kweli na nisingeificha. Hana fedha hizo. Angekopa, angelipa riba kwa faida ya unga, na V6 ingemdai esansi zaidi kila safari. Katika hali hiyo wa kwanza kukatwa ni matairi na breki, na Mark X yenye kilo 1,910 na breki zilizokwisha ni mbaya kuliko IST yenye breki nzuri. Anayeshindwa kupita anahitaji kurudi nyuma haraka, na huko kurudi ni kazi ya breki.

Kwa hiyo IST inabaki. Watu watatu pamoja na dereva, unga unapakiwa kwenye lori la wenzao kwa malipo, kipoza hewa kinazimwa kabla ya kupita, na hakuna "pita, pita" kutoka kiti cha mbele. Mizigo ikizidi watatumia Mark X, kwa zamu, na mdogo ndiye ataiendesha, kwa kuwa ameonja hofu na mwenzake bado. Sharti hilo liliwekwa na mke wa mkubwa, na mimi nililiunga mkono kwa sauti.

Mkubwa amekubali yote isipokuwa malori mawili. Anasema akiwa kwenye mnyooko mrefu anaona kilomita nzima, na mita 540 anazo. Kwenye mnyooko huo hesabu inamruhusu, siwezi kumkatalia. Nimemwomba anihesabie yeye, kutoka mjini hadi peaje (kituo cha kulipia barabara), minyooko mingapi ina kilomita nzima bila mlima, bila kona na bila kituo cha watu kando ya lami. Mpaka sasa hajaniletea orodha.